Mkopaji wa simu naye ana haki zake

Muhula uliopita, mnamo saa mbili za asubuhi nikitayarisha mhadhara, nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Sauti ilikuwa ya kijana mwenye adabu za juu juu. Aliniuliza kama namfahamu mwanafunzi fulani, msichana wa mwaka wa tatu katika idara yetu. Moyo ulinienda mbio kwani nilidhani pametokea ajali. Kumbe sivyo. "Mwambie alipe pesa za watu kabla hatujamfikia," alisema, kisha akakata. Dakika chache baadaye ukafuata ujumbe mfupi wenye kichwa cha herufi kubwa, "NOTISI YA MWISHO", ukinitaka mimi, ambaye sikuwa mdhamini wake wala shahidi wa lolote, nihakikishe kwamba deni hilo limelipwa kabla ya jua kutua.

Jina langu lilikuwa ndani ya simu ya msichana huyo kwa sababu moja tu: nilikuwa nikisimamia utafiti wake. Baadaye nilikuja kujua kwamba ujumbe uo huo ulikuwa umemfikia mama yake kijijini, mwenye nyumba anamopanga, na katekista wa kanisa lao. Deni lenyewe lilikuwa Sh4,300. Kwa muda wa majuma mawili msichana hakuonekana darasani. Alikuwa amejifungia chumbani kwa aibu, na alikuwa ameanza kufikiria kuacha masomo.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mimi sina ugomvi na wahenga. Aliyekopa sharti alipe, na makala haya hayakuandikwa kumfundisha mtu mbinu za kukwepa. Hata hivyo, ukizichunguza methali zetu zinazohusu madeni utagundua kwamba takriban zote humsema mkopaji. Kukopa harusi, kulipa matanga: nani huyo anayelia matangani? Kamusi za zamani za Kiswahili zilikwenda mbali zaidi, zikakipa kitenzi "kukopa" maana ya pili, yaani kulaghai. Na yule anayedai, ambaye lugha yetu ilimpa jina zuri la "mwia", ametoweka hata katika msamiati wa vijana wetu. Lugha imemkumbuka anayedaiwa na kumsahau anayedai. Si ajabu basi kwamba wengi wetu huamini kuwa mtu akishindwa kulipa hubaki bila haki yoyote.

Sheria za Kenya hazisemi hivyo.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndipo mtego unapotegwa. Mkopo wa kwanza mkubwa wa simu nchini, uliozinduliwa Novemba 2012, uliitwa M-Shwari. Shwari ni hali ya bahari iliyotulia, isiyo na upepo wala mawimbi. Mwaka 2014 ikaja programu iliyojulikana kama Mkopo Rahisi, ambayo siku hizi yaitwa Tala. Januari 2019 ikaja Fuliza. Msomaji akifungua kamusi ataona kwamba kufuliza ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma, na sijui kama aliyelichagua jina hilo alikuwa mkweli kupita alivyokusudia. Majina ni ya Kiswahili, tena Kiswahili kitamu cha pwani. Lakini masharti ya mikopo ya aina hii, kurasa kwa kurasa, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo, katika kioo cha simu kisichozidi kiganja. Mkopaji huitwa kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine.

Hata maneno ya malipo yamechaguliwa kwa uangalifu. M-Shwari ilipoanza haikutoza "riba". Ilitoza ada ya uwezeshaji ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa Sh10,000 alipaswa kurudisha Sh10,750, na kwa mtu aliyebanwa na karo ya mtoto hizo Sh750 si kitu. Lakini akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, ada itakuwa imefika Sh9,000, yaani asilimia 90. Bunge lilipoweka kikomo cha riba za mabenki Septemba 2016, ada hiyo iliendelea kutozwa vilevile kwa hoja kwamba ada si riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa Novemba 2019. Ninawafundisha wanafunzi wangu kwamba jina la kitu halibadilishi kitu. Naona katika fedha hulibadilisha angalau kodi na sheria inayokihusu.

Kwa miaka kadhaa wakopeshaji wa programu za simu walifanya kazi bila msimamizi yeyote. Yeyote mwenye mtaji na programu aliweza kukopesha, kutoza atakacho na kudai apendavyo. Hali hiyo ilibadilika Desemba 2021, marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya Kenya yalipoanza kutumika. Machi 2022 zikachapishwa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na waliokuwa kazini wakapewa miezi sita kuomba leseni. Muda huo ulipokwisha Septemba mwaka huo, waliokuwa wamepata leseni walikuwa kumi tu. Leo idadi yao imepita mia moja, na Benki Kuu huichapisha orodha ya majina yao. Anayekopesha kwa njia hiyo bila leseni anatenda kosa linaloweza kumtia gerezani hadi miaka mitatu au kumtoza faini ya hadi Sh5 milioni. Kwa hivyo swali la kwanza la mkopaji anayesumbuliwa lisiwe "nitalipa vipi?" bali "huyu anayenidai ni nani, na je, yumo katika orodha?"

Kanuni hizo za 2022 zilitaja waziwazi mambo ambayo mkopeshaji haruhusiwi kuyafanya anapodai. Haruhusiwi kutumia vitisho au nguvu. Haruhusiwi kutumia lugha ya matusi. Haruhusiwi kuingia katika orodha ya nambari zilizomo katika simu ya mteja na kuwatumia ujumbe jamaa, marafiki na wakubwa wake wa kazi kwa sababu mteja amechelewa. Haruhusiwi kuyatangaza mambo ya mteja mitandaoni ili kumwaibisha. Aidha, kabla ya kutoa mkopo sharti amweleze mteja gharama zote atakazolipa, na asibadilishe masharti kimyakimya. Yule kijana aliyenipigia simu asubuhi ile alikuwa akivunja kanuni iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na yamkini alisoma maneno yake kutoka karatasi aliyopewa na mwajiri wake.

Nimeutazama ujumbe alionitumia kwa jicho la kazi yangu, na ninaomba radhi kwa wasomaji wasiopenda sarufi. Vitenzi vyake karibu vyote vilikuwa katika kauli ya kutendwa: "hatua zitachukuliwa", "maafisa watatumwa", "utakamatwa". Atachukua nani? Atatuma nani? Haisemwi. Mtu mwenye amri ya mahakama mkononi hutaja mahakama, nambari ya kesi na tarehe. Asiye nayo hujificha nyuma ya kauli ya kutendwa na herufi kubwa. Mwalimu wa lugha anaweza kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kipengele hiki kwa dakika ishirini, na huenda kikawafaa maishani kuliko ngeli.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya kufungwa. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo uongo mwingi unapouzwa.

Kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai, si la jinai. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni. Mambo hugeuka jinai pale tu penye udanganyifu, kwa mfano mtu aliyetumia kitambulisho cha mwingine kukopa. Kenya ilijiunga mwaka 1972 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao katika kifungu chake cha 11 unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza wajibu wa mkataba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 2, iliifanya mikataba ambayo nchi imeidhinisha kuwa sehemu ya sheria zetu. Septemba mwaka huohuo, mwezi mmoja tu baada ya Katiba kuanza kutumika, Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliutegemea mkataba huo katika kesi moja ya ufilisi na kukataa mdaiwa afungwe.

Nisingependa msomaji aondoke na nusu ya habari. Majaji waliofuata hawakuenda mbali kiasi hicho. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai bado inaruhusu mdaiwa kuwekwa kizuizini kwa muda usiozidi miezi sita, na mahakama imeshikilia kwamba sheria hiyo haikufa. Lakini tazama ngazi zilizopo kabla ya kufika huko. Kwanza sharti pawe na kesi, kisha hukumu. Kisha mdaiwa apewe ilani ya kwenda mahakamani kueleza kwa nini asifungwe. Na hapo mahakama ijiridhishe kwamba anao uwezo wa kulipa ila amekataa, au anaficha mali, au anapanga kutoroka. Asiye na kitu, akilithibitisha hilo, hafungwi kwa umaskini wake. Kutoka ujumbe wa simu wa saa mbili asubuhi hadi mlango wa gereza kuna safari ndefu ambayo wakopeshaji wa shilingi elfu nne hawaianzi.

Wakiianza, huenda wakafika katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyofungua milango Aprili 2021 na kusikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Kesi huko hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ikumbukwe pia kwamba lugha za mahakama zetu za chini ni Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo mdaiwa anaweza kujitetea kwa lugha anayoimudu. Kosa kubwa ni kupuuza. Tangu 2020 hati za mahakama zinaweza kufikishwa kwa barua pepe au hata kwa programu za ujumbe wa simu, na asiyejibu hutolewa hukumu ya upande mmoja. Kwa hivyo vitisho tuvipuuze, lakini samansi yenye nambari ya kesi tuiogope kama radi. Mbele ya mahakama mdaiwa anaweza kuomba alipe kwa awamu, na hakimu anao uwezo wa kuamuru hivyo. Nje ya mahakama hakuna sheria inayomlazimisha mwia kukubali awamu, ingawa wengi hukubali wanapoandikiwa barua yenye tarehe na viwango vinavyoaminika.

Kuhusu mali, dalali hawezi kuingia nyumbani mwa mtu kwa sababu ya mkopo wa simu usio na dhamana bila ya amri ya mahakama. Sharti awe na leseni, sharti aorodheshe mali, na sharti ampe mwenyewe siku saba za kulipa kabla ya kuichukua. Hata hapo kuna vitu ambavyo sheria imevikinga: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na zana anazotumia katika kazi yake.

Nije kwa walimu wenzangu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yanayofanywa na mwajiri yasizidi thuluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi arudi nyumbani na angalau thuluthi moja. Hii ndiyo sababu ombi la mkopo wa benki au wa chama cha ushirika hukataliwa hati ya mshahara ikiwa imejaa. Mwalimu aliyekataliwa huko hujikuta kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye hahitaji hati ya mshahara. Huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na nambari yake ya siri, na mwisho wa mwezi huenda mwenyewe kwenye mashine kuchota. Kinga ya thuluthi inamzuia mwajiri tu. Haimzuii mtu aliyekabidhiwa kadi. Nimewajua walimu, watu wenye shahada, wanaompigia mkopeshaji simu kila mwisho wa mwezi kumwomba nauli kutoka katika mshahara wao wenyewe. Kadi hiyo kisheria si dhamana. Ni mali ya benki, na masharti ya benki humkataza mteja kumpa mwingine nambari ya siri. Anayetaka kujinasua anaweza kwenda benki akaomba kadi mpya na nambari mpya. Deni litabaki, lakini litabaki deni la kudaiwa kwa njia za sheria kama madeni mengine. Mwishoni mwa 2024 sheria ilirekebishwa tena na mamlaka ya Benki Kuu yakapanuliwa kuwafikia wakopeshaji wasiopokea amana, hata wasiotumia simu. Katika maandishi angalau, mkopeshaji wa mtaani naye ameingia machoni pa sheria.

Wakopeshaji hao tumezoea kuwaita mashailoki, neno tulilolichukua katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Waliousoma mchezo huo shuleni watakumbuka kwamba mdaiwa hakuokolewa kwa kukana deni. Aliokolewa na mtu aliyeusoma mkataba neno kwa neno.

Kwa upande wa mabenki, ambayo ndiyo yaliyo nyuma ya M-Shwari na Fuliza, iko kinga nyingine ambayo wachache huijua. Tangu Mei 2007 Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, inasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa wakati huo. Kama mtu alibakiza Sh15,000 za msingi, riba itasimama ikifika Sh15,000 nyingine. Zaidi ya hapo ni gharama halali za kudai tu. Anayeambiwa kwamba deni la elfu kumi na tano limekuwa laki moja ana haki ya kuomba hesabu kwa maandishi.

Kuhusu mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB, nitasema machache. Kuorodheshwa huko si adhabu ya jinai. Mkopaji ana haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka na kupinga iliyo na makosa. Mkopeshaji wa kidijitali haruhusiwi kumpeleka huko mtu kwa deni lisilozidi Sh1,000, na anapomwandika vibaya sharti awe amemjulisha mapema. Vijana wanaotafuta kazi na kutakiwa cheti cha CRB wasisubiri siku ya mahojiano ndipo waulize.

Pamebaki suala la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilimpa kila Mkenya haki ya kujua ni nani anayeshika taarifa zake na kwa madhumuni gani. Haki hiyo si ya mkopaji peke yake. Ni yangu pia, mimi niliyepigiwa simu kuhusu deni nisilolijua. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa ikiendesha programu mbili za mikopo, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Malalamiko yakifikishwa kwa Kamishna, sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na mlalamishi halipi kitu.

Njia hiyo ndiyo tuliyoifuata. Nilimwita msichana ofisini, tukakaa na mwenzake mmoja anayesomea sheria. Tulihifadhi kila ujumbe pamoja na tarehe na nambari iliyoutuma, tukaandika malalamiko mawili, lake na langu, kwa Kiswahili. Vilevile aliwaandikia wakopeshaji barua akiwaomba hesabu kamili ya deni na kupendekeza awamu tatu. Alisitasita kuituma. Alisema anaona haya kudai haki ilhali anadaiwa. Nilimwambia kwamba mambo hayo mawili hayagombani, naye akaniuliza mbona basi hatukuyafundishwa popote tangu darasa la kwanza. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Tuna somo la biashara, tuna hisabati yenye maswali ya riba ya kawaida na riba ya mseto, lakini mwanafunzi humaliza kidato cha nne bila kuwahi kuona hata ukurasa mmoja wa mkataba wa mkopo.

Hesabu ilikuja baada ya siku tisa. Ilionyesha kwamba katika zile Sh4,300, msingi ulikuwa Sh2,500. Alilipa zote kwa awamu tatu, akatumiwa ujumbe wa kuthibitisha kwamba hadaiwi, na simu za watu wake zikanyamaza. Malalamiko yetu mawili bado yamo mikononi mwa Kamishna, siku ya hamsini na mbili leo.